Neno la Kila Mlango

Nyumba ile ndefu ya vyumba vinane haikuwa na saa ukutani, na hakuna aliyeililia. Saa yake ilikuwa kikongwe mmoja mwenye magoti mabovu na mwiko mkononi. Wapangaji walimwita Bibi Jogoo. Watoto wa jirani nao walimwita hivyo hivyo, ila wao walimwita huku wanakimbia, maana mwiko ule haukuwa na ubaguzi.

Kazi yake ilikuwa kuamsha watu. Si kazi ya kujivunia mbele ya wakwe, lakini ilikuwa kazi. Zamani, mama mwenye nyumba, Mungu amlaze pema, alimpa chumba cha mwisho, kile kilichobanana na stoo, akae humo na wifi yake bila kodi. Naye kwa upande wake aamshe nyumba, kila mtu kwa wakati wake, bila kumwamsha asiyehusika. Hapo kwenye asiyehusika ndipo palipotaka ufundi. Kuta za nyumba ile zilikuwa nyembamba kiasi kwamba mtu akipiga chafya chumba cha kwanza, wa chumba cha tano anamjibu "afya."

Si kwamba watu hawakuwa na simu. Walikuwa nazo, nyingine zimepasuka kioo kama kisigino cha mkulima. Lakini simu ikilia kwako inaamsha na jirani aliyerudi sasa hivi kutoka zamu, na hapo hapo wewe mwenyewe unaizima kwa kidole gumba ukiwa bado ndotoni, kisha unaendelea kufunga ndoa. Bibi Jogoo hazimwi kwa kidole gumba.

Basi kila mlango ulikuwa na neno lake. Bibi aligonga kwa mpini wa mwiko, taratibu kama anayeomba chumvi, akapeleka mdomo kwenye tundu la ufunguo, akalinong'ona lile neno. Aliye ndani alitakiwa kulirudisha lile lile. Kisha Bibi akasema, "Miguu chini!" na habanduki pale mpaka asikie nyayo zikigusa sakafu. Wajanja walijaribu kupiga sakafu kwa mkono huku wamelala. Hawakufika mbali. Mkono una sauti ya uvivu, na Bibi aliijua.

Mlango wa mwoka mikate ulikuwa alfajiri mbichi. Hiyo ni saa ambayo usiku bado mzima, haujamegwa hata pembe, ila hewa imeshabadilika harufu na mbwa wamechoka kubweka. Ni alfajiri kama embe lililochumwa kabla ya siku zake: ngumu, kali, inauma meno, lakini mwoka mikate asipoila hiyo, mji mzima unakunywa chai kavu.

Mlango wa muuguzi ulikuwa kunapambazuka. Hapo giza limeanza kufumuka upande mmoja kama pindo la gauni la mtumba, na juu ya bati la jirani unaona uzi mweupe. Mlango wa waashi wawili, ndugu wa tumbo moja walioitwa Saruji na Mchanga, ulikuwa kumekucha, yaani saa ambayo unaweza kumtofautisha mtu na nguzo, ingawa kwa Mchanga, asubuhi, tofauti yenyewe ilikuwa ndogo. Karani mstaafu hakuwa na pa kwenda, lakini naye alitaka kugongewa. "Nigongee tu, Bibi," alisema, "nipate raha ya kukataa." Na mlango wa Mama Vifungo ulikuwa macheo, jua likiwa limeshatoa uso wote na halina haya tena.

Ungemuuliza Bibi kama yote hayo si asubuhi tu, angekutazama kama mtu aliyeulizwa kama mama mzazi na mama wa kambo si wanawake tu. Mtu akianza siku kwa neno la mwenzake, siku nzima inambana kwapani kama shati la kuazima. Aliamini hivyo, na hakutaka ushahidi.

Lakini alikuwa amechoka. Si uchovu wa kazi, ule unaokaa mgongoni na kutoka kwa maji ya moto. Huu ulikuwa uchovu wa kuzitangulia asubuhi zote. Macho yalikuwa na mchanga usioosheka. Magoti yalilia kabla ya jogoo. Watu wanasema kinyozi hajinyoi, na kweli, tangu aanze kazi ile hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumgongea yeye mlango akamwambia kumekucha. Hakuwa na neno. Alikuwa anaamka tu, kama vumbi linavyoamka likifagiliwa.

Kisha kulikuwa na ule mlango mmoja.

Mama Vifungo alikuwa mshonaji kwenye karakana ya sare za shule. Kazi yake ilikuwa vifungo na matundu yake, basi, mashati mia yakipita mikononi mwake yeye aliyajua kwa kifua tu. Mtoto hakuwa naye. Umama wake ulitokana na hivyo vifungo. Aliishi na mama yake mzazi, mgonjwa wa kitandani, amepooza upande. Kwa miaka mingi Mama Vifungo aliamka kila usiku mara kwa mara kumgeuza, ubavu huu, ubavu ule, ngozi isichubuke. Na asubuhi neno la macheo likifika mlangoni, alimbeba mzazi wake kama mzigo wa nguo safi akampeleka dirishani. Kizee yule hakuwa anaongea tena. Lakini jua likimgusa shavu alitabasamu kwa upande uliobaki. Ndipo binti yake alipojifunga kitambaa kichwani akaenda kwenye vifungo.

Mwaka ule kizee akafariki. Waliotoka kuzika walipotawanyika, Mama Vifungo alimfuata Bibi Jogoo uani.

"Bibi, neno langu lifute."

"Nilifute vipi, mwanangu? Kwani niliandika kwa chaki?"

"Lifute tu. Halina kazi tena."

Bibi hakubishana. Tangu siku ile akifika mlango ule alivua ndara akapita kwa ncha za vidole, kama mwizi kwenye nyumba yake mwenyewe. Lakini masikio hayavuliwi. Kila alipopita, chini ya mlango palikuwa na mwanga, na kitanda kililia, kikanyamaza. Alielewa. Mwili wa yule mama ulizoea kuamka kumgeuza mtu. Sasa uliamka, ukanyoosha mkono, ukakuta shuka. Karakana walimpigia simu, hakupokea. Dirisha lake lilifungwa na pazia likabanwa kwa pini.

Basi Bibi akawa na vitu viwili vya kubeba kila alfajiri, magoti na mlango ule.

Siku goti la kulia lilipovimba likawa boga, alimgeukia wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ambaye alikuwa na kitanda cha pili chumbani humo na usingizi wa kutosha ukoo mzima.

"Wifi, kesho niamshie watu."

"Mimi? Mimi jua lenyewe likinikuta macho linashtuka, linadhani limechelewa."

"Siku moja tu."

"Si ndiyo wewe jogoo? Sisi wengine kuku wa kawaida, tunangoja punje."

"Ukikataa punje zenyewe hazitakuwepo. Chumba hiki tunalipa kwa nini, kwa uzuri wako?"

"Kwa uzuri wangu tungekuwa na ghorofa," alisema wifi, lakini akakubali. Alikaa akafundishwa maneno yote kwa mpangilio, akayarudia kama mtoto wa darasa la kwanza, na akalala nayo mdomoni.

Tatizo lilikuwa mwezi. Siku ile mwezi ulikuwa umejaa, mbingu haina wingu, na ua wote umekuwa mweupe kama umepakwa chokaa. Wifi alifumbua jicho moja, akaona weupe dirishani, akaruka. Alichukua mwiko akapita mlango hadi mlango anapiga kama anaua nyoka, na maneno yote aliyofundishwa yakamtoroka likabaki moja: "Kumekucha! Kumekucha! Tumechelewa jamani!" Mwoka mikate akajua tayari ameshafukuzwa kazi, akatoka mbio na taulo. Muuguzi alivaa kiatu chake kimoja na cha jirani kimoja. Saruji alimwamsha Mchanga kwa kofi, Mchanga akalirudisha. Karani mstaafu alikataa kama kawaida, lakini safari hii bila raha. Wote walifika barabarani wakasimama chini ya mwezi, wanatazamana, na mji mzima umelala.

Siku iliyofuata, jua likiwa utosini, mwenye nyumba akaja. Alikuwa kijana wa marehemu mama mwenye nyumba, mtu mpole mwenye uso wa kodi zisizolipwa. Alibeba boksi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umetuletea zawadi?"

"Ni king'ora, Bibi." Aliliweka boksi juu ya kabati la ukumbini, kwa upole, kama anaweka yai. "Kinafungwa ukutani. Kinalia mara moja, nyumba yote inaamka, biashara imeisha."

"Nyumba yote kwa mara moja?"

"Mara moja."

"Na muuguzi akitoka zamu ya usiku? Na mtoto wa chumba cha pili mwenye degedege?"

Alijikuna shingo. "Bibi, mimi napigiwa simu. Mwoka mikate amenipigia, akina Saruji wamenipigia. Jana hata karani kanipigia, na yeye haendi popote! Chumba chako kuna mtu anakitaka, analipa. Mama yangu alikupa neno lake na mimi naliheshimu. Lakini ikiharibika asubuhi moja tena, moja tu, namleta fundi wa umeme siku hiyo hiyo. Tutaongea mtahamia wapi."

"Hayo ya kuongea tumeshayaongea," alisema Bibi. "Unakunywa chai?"

Hakunywa. Alipoondoka, wifi alijifunika khanga usoni.

"Nimetuua, wifi."

"Bado. Umetupiga ngwala tu. Nyanyuka."

Lakini usiku huo Bibi alikaa akipima goti kwa kiganja. Lilikuwa moto. Alijua hesabu yake mwenyewe: kesho atasimama, kesho kutwa huenda, lakini iko asubuhi inakuja ambayo atakuwa anaamsha nyumba huku yeye mwenyewe ameanguka ukumbini. Na siku hiyo king'ora kitapanda ukutani. Alihitaji mtu. Mtu anayejua kuamka bila kuamshwa. Mtu anayejua kumgusa aliyelala bila kumvunja. Na katika nyumba ile, mtu huyo alikuwa mmoja tu, na pazia lake limebanwa kwa pini.

Kesho yake jioni alibisha kwa Mama Vifungo, kwa mkono, si kwa mwiko. Mwiko aliuficha kwapani.

Chumba kilikuwa safi cha kutisha. Kitanda cha marehemu kimetandikwa, shuka limenyooshwa mpaka halina kosa. Mezani bakuli la vifungo vya rangi zote, na cherehani imefunikwa kitambaa.

"Karibu, Bibi. Sina hata cha kukupa."

"Nipe kiti. Goti halili kitu kingine." Bibi alikaa, akahema, akazunguka kidogo na habari za mvua, kisha akalisema. "Nataka uniamshie watu, mwanangu. Usiku hulali, nakusikia."

Mama Vifungo aliokota kifungo kimoja bakulini, akakigeuza, akakirudisha.

"Bibi, mimi mwenyewe sina asubuhi. Nitampa nani?"

"Unampa ya kwake. Kwani mwenye duka la viatu anavaa vyote?"

Angekuwa ni mtu mwingine angecheka. Mama Vifungo alitingisha kichwa tu, polepole. "Nikisogea mlangoni asubuhi nasikia kama nimemwacha yeye kitandani hajageuzwa. Naomba uniache, Bibi. Usinikasirikie."

"Nikukasirikie kwa nini? Nimechoka hata kukasirika." Bibi alijishika meza, akanyanyuka kwa awamu, kwanza mgongo, kisha maneno, mwisho magoti. Akaaga. Akatoka.

Mwiko ulibaki mezani, ubavuni mwa bakuli la vifungo. Alikuwa ameusahau, kama watu wazima wanavyosahau vitu wanapokusudia.

Asubuhi iliyofuata macho yake yalifunguka yenyewe, kabla ya alfajiri mbichi, kama siku zote. Dirisha lilikuwa jeusi. Mbwa walikuwa wamechoka. Hewa ikaanza kunukia ule unyevu wake, na kila mfupa mwilini ukamwambia nyanyuka. Hakunyanyuka. Alilala chali, mikono kifuani, kama maiti anayesikiliza anavyosifiwa.

Nyumba ilikuwa kimya.

Alfajiri mbichi ikafika. Aliijua ilipofika, kama unavyomjua mgeni kwa kikohozi chake. Ikasimama ukumbini. Hakuna aliyeipokea. Mwoka mikate, yule aliyekuwa wa kwanza kupiga simu kwa mwenye nyumba, alikuwa anakoroma kwa raha zake.

Kitanda cha pili kikalia.

"Wifi." Sauti ilikuwa ya chini, ya hofu. Tangu king'ora kije, hata wifi alikuwa amepoteza usingizi. "Wifi, umekufa?"

"Nimelala."

"Aliyelala hajibu. Amka! Mwoka mikate!"

"Sina mwiko."

"Gonga kwa kichwa! Wifi, chumba kinakwenda. Kinakwenda hivi hivi ukikitazama!"

"Nyamaza nisikilize."

"Unasikiliza nini? Hakuna kitu!"

Na kweli hapakuwa na kitu. Bibi alihisi alfajiri mbichi inaanza kulainika, inaelekea upande wa kuiva, na mtu wake hajaguswa. Alikuwa ameweka chumba cha wazee wawili juu ya mtu aliyekwisha kusema hapana. Ujanja wa kizee, alijiambia, siku moja utakulaza mtaroni wewe na wifi yako, mkiwa mmekumbatia godoro. Akatupa shuka. Akashusha mguu mmoja, goti likamtukana, akashusha wa pili.

Bawaba ikalia.

Si ya mlango wa mwoka mikate. Bibi alizijua bawaba zote za nyumba ile kwa sauti, na hii ilikuwa haijalia asubuhi tangu msiba. Akamshika wifi mkono.

Ndara zikaburuzika ukumbini, zikasimama. Zikakaa hapo muda mrefu, muda wa mtu kurudi alikotoka. Kisha mlango wa mwoka mikate ukagongwa, kwa nguvu mno, kama polisi.

"Nani?" mwoka mikate alipaza sauti.

Sauti ya kike ikamjibu, kavu, kama mlango wa kabati lisilofunguliwa siku nyingi.

"Alfajiri mbichi." Ikanyamaza, ikaongeza, "Imeshaiva kidogo. Samahani."

"Mama Vifungo? Ni wewe?"

"Rudisha neno, baba, nina milango mingine."

"Alfajiri mbichi," mwoka mikate alisema, kwa adabu ambayo Bibi mwenyewe hakuwahi kuipata kwake.

"Miguu chini."

Ikasikika *pa, pa*.

"Huo ni mkono," alisema Mama Vifungo.

Wifi aliuma shuka asicheke. Bibi hakucheka. Alikuwa amefumba macho, anafuata zile ndara kwa masikio. Zilingoja. Hazikukimbilia mlango wa pili; zilitoka uani, zikangoja uzi mweupe utokee juu ya bati. Kisha mgongo wa mwiko ukagusa mlango wa muuguzi, safari hii taratibu, kama mkono unaomgeuza mtu ubavu.

"Kunapambazuka."

Muuguzi alirudisha neno, halafu akapenga kamasi kwa muda mrefu kuliko mafua ya kawaida.

Weupe ukapanda. Saruji na Mchanga walirudisha kumekucha kwa pamoja, wakaanza kugombana nani amelisema vizuri. Karani mstaafu akagongewa. "Nakataa!" alipiga kelele kutoka ndani. "Kataa salama," akaambiwa, na ilisikika wazi kwamba hajawahi kukataa kwa furaha kiasi hicho.

Watu wakatoka mmoja mmoja, geti likafunguliwa na kufungwa. Kisha ndara zikarudi ukumbini, zikasimama tena. Jua lilikuwa linatoka sasa. Mstari wake wa kwanza uliingia kwa Bibi na kulala sakafuni. Mwiko ukagonga mlango mara tatu. Bibi alijua ni mlango gani. Ulikuwa mlango wa Mama Vifungo mwenyewe, na ndani yake hakuna mtu.

"Macheo," alisema Mama Vifungo.

Hakuna aliyerudisha.

Wifi alitaka kusema kitu, Bibi akamziba mdomo kwa kiganja. Nyumba karibu yote ilikuwa tupu na neno lile lilikuwa limesimama katikati yake, halina pa kwenda.

"Macheo," alisema tena yule mama, kwa sauti nyingine, ya chini, ya kujibu.

Bawaba ikalia. Baadaye kidogo pini ikaanguka sakafuni, na kijipini kile kikasikika mpaka chumba cha mwisho, maana kuta zilikuwa nyembamba. Pazia likavutwa. Kisha kukawa kimya kirefu, kimya cha mtu aliyesimama dirishani.

Mama Vifungo alipofika mlango wa mwisho, Bibi alikuwa amesharudisha miguu kitandani na ameanza kukoroma.

"Bibi."

Bibi akakoroma zaidi.

"Bibi, wewe hukoromi hivyo. Hivyo anakoroma wifi yako."

"Jamani!" alisema wifi. "Mimi nimeingiaje humo?"

Mlango ukafunguliwa. Mama Vifungo alisimama pale na mwiko, macho mekundu, kitambaa cha kichwani kimefungwa kombo. Alionekana mtu aliyechoka mpaka mwisho wa uchovu, pale unapogeuka ukawa kitu kingine.

"Uliusahau kwangu."

"Kaa nao. Mikono yangu imeuchoka."

Hakusema atakaa nao, wala hakuurudisha. Aliegemea mwimo wa mlango. "Wewe neno lako lipi, Bibi? Nimepita milango yote, lako silijui."

"Sina. Nani angeniamsha?"

Mama Vifungo alifikiri. Alitazama lile goti lililovimba juu ya shuka, akatazama jua sakafuni, akatazama ule uso wa kizee ambao ulikuwa umeziona asubuhi zote za nyumba ile kabla ya mtu mwingine kuziona.

"Bado," alisema. "Neno lako ni bado. Lirudishe."

"Bado," alisema Bibi.

"Miguu juu."

Bibi akavuta miguu yote miwili, na goti lake likatulia kama mbwa aliyeambiwa kaa.

"Na mimi je?" aliuliza wifi.

"Wewe neno lako litakuja, limelala njiani."

Mama Vifungo hakwenda karakana siku ile. Alirudi chumbani, akajilaza kwenye kitanda chake mwenyewe, jua likiwa limemjaa usoni, na mwili wake ulipoamka kwenda kumgeuza mtu, uligeuka wenyewe ubavu wa pili ukaendelea kulala.

Mwenye nyumba alipita asubuhi hiyo kwa mwoka mikate, kununua mkate na kuchungulia habari. "Mmeamshwa leo?" aliuliza. Mwoka mikate alijifuta unga kwenye paji la uso, akaongeza mwingine.

"Leo? Leo nimeamshwa mpaka nikaamka."

Basi adhuhuri akaja peke yake, bila fundi wa umeme. Alikuta ukumbi mtulivu, milango imefungwa, na mikoromo mitatu inapokezana kutoka vyumba viwili. Alikwenda mlango wa mwisho akabisha kwa kidole, taratibu, awape habari kwamba chumba ni chao.

"Bibi?"

"Bado," sauti ikamjibu kutoka usingizini.

Alisubiri kidogo. Kisha akavua viatu, akalichukua boksi lake juu ya kabati, na akatoka kwa ncha za vidole mpaka getini, asije akamwamsha asiyehusika.